Fort Jesus au Ngome ya Lamu? Kwa anayeondoka Nairobi na siku chache za likizo

Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kuona ngome ya kale kwa macho yake, safari kubwa ni mbili. Moja inateremka hadi Mombasa, kwenye Fort Jesus, iliyokaa juu ya jabali la matumbawe linaloangalia mlango wa bandari ya kale. Nyingine inakwenda mbali zaidi, hadi Lamu, ambako ngome iko katikati ya mji, imezungukwa na maduka, misikiti na mabaraza ya wazee. Likizo ya Agosti au ya Desemba ikikaribia, vyama vya akiba vikianza kugawana pesa na watoto wakianza kuuliza safari hii ni wapi, swali hili hurudi palepale. Mara nyingi hujibiwa kwa nauli tu. Nauli ina uzito wake na nitaifikia, lakini ngome hizi mbili hazimpi mgeni kitu kimoja, na mtu akichagua kwa bei peke yake anaweza kurudi nyumbani akihisi hajaona alichokwenda kukiona.

Nitoe msimamo wangu mapema ili nisikupotezee muda. Kama hujawahi kuona hata moja, anza na Fort Jesus. Kama ulishaiona, hata ikiwa ni ile safari ya shule ya kukimbizwa kutoka chumba hadi chumba, basi Lamu ndiyo zamu yako, na usiende huko kwa siku mbili.

Ngome mbili, ugomvi mmoja

Kabla ya kulinganisha vyumba na ngazi, ni vizuri kujua kwamba majengo haya yanahusiana. Ngome ya Lamu ilijengwa kwa sababu ya waliokuwa ndani ya Fort Jesus.

Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 na kuimaliza 1596. Walisukumwa na hofu. Katika miaka ya 1580 nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, alikuwa ameshuka pwani hii mara mbili, na miji kadhaa ya Waswahili ilimpokea kwa furaha maana ilikuwa imechoshwa na Wareno. Lisbon ikaona kwamba bila boma imara hapa, njia yake ya India ilikuwa hatarini. Mchoro ulitolewa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukitazamwa kutoka juu ramani yake inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Wachoraji wa zama hizo Ulaya waliamini kwamba vipimo vya mwili wa mwanadamu ndivyo vipimo kamili, wakavipeleka hadi kwenye majengo ya vita.

Lamu ilikaa zaidi ya miaka 200 baada ya hapo bila ngome ya aina hii. Wakati huo Fort Jesus ilikuwa imeangukia kwa Waomani, na ndani yake walitawala Wamazrui, ukoo ulioanza kwa ugavana na kuishia kujitawala wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Wamazrui waliungana na watu wa kisiwa jirani cha Pate wakaja kuishambulia Lamu. Walishukia Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Lamu. Watu wa Lamu wakawapiga vibaya, na simulizi inayorudiwa kisiwani hadi leo ni kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimelala mchangani. Wengi walifia pale pale ufukweni.

Ushindi huo uliwaacha watu wa Lamu na wasiwasi, kwa sababu Mombasa ingeweza kurudi kulipiza kisasi. Wakaomba ulinzi wa Sayyid Said, mtawala wa Omani, naye akaleta gavana na askari. Ngome ikajengwa na kukamilika mwaka 1821. Baadaye Sayyid Said akaigeukia Mombasa yenyewe. Ilimchukua miaka mingi na majaribio kadhaa, lakini mwaka 1837 akaitia Fort Jesus mkononi, na wakuu wa Kimazrui wakakamatwa na kupelekwa ng'ambo wasirudi tena.

Ukijua haya, safari yoyote kati ya hizi mbili inabadilika. Juu ya ngome ya Lamu unasimama mahali palipojengwa kwa kuiogopa Mombasa. Na kwenye kuta za Mombasa unasimama mahali ambapo vita ya Shela ilipangwa.

Ndani ya Fort Jesus

Hapa nitakaa kidogo, maana tofauti kubwa iko hapa. Fort Jesus unaweza kuiingia bila kujua chochote kuhusu Mombasa na ukatoka umepata hadithi nzima, kwa kuwa hadithi yenyewe imo ndani ya kuta.

Unapita kwenye njia ya lango, kuna giza na ubaridi kidogo, halafu ghafla unatokea kwenye uwanja mpana wenye jua kali. Mbele yako kuna misingi ya kanisa la Wareno, kisima, birika la maji ya mvua, na mizinga iliyoelekezwa baharini. Kwenye pembe kuna buruji nne, yaani ngome ndogo za ulinzi zilizojitokeza nje ya kuta, na bado zinaitwa kwa majina ya watakatifu wa Kireno: São Filipe na São Alberto upande wa nchi kavu, São Matias na São Mateus upande wa bahari. Juu ya ile ya São Filipe kuna Nyumba ya Waomani, yenye dari ya mbao na dirisha la kutazama mji. Kuna pia njia ya matao iliyochongwa kwenye mwamba kuteremkia majini, ambayo ilimwezesha aliye ndani kupokea watu na mizigo kutoka kwenye vyombo bila kupita mjini.

Kitu ambacho ningemwomba kila mgeni asikipite haraka ni michoro ya ukutani. Kwenye kipande cha lipu kilichohifadhiwa, askari na mabaharia wa Kireno walichora kwa mkaa na udongo mwekundu vitu walivyovikumbuka: merikebu zenye milingoti na kamba zake, makanisa, watu, wanyama. Hii ni mistari ya mtu aliyekuwa na muda mwingi na mahali pa kwenda hakuna. Sogea karibu uone jinsi kamba za meli zilivyopangwa moja moja. Aliyechora aliijua kazi ya baharini, na alichora chombo kinachoweza kumrudisha kwao.

Kuzingirwa kwa ngome ndiyo sura inayowashika watu zaidi, hata watoto. Meli za Omani zilifika Machi 1696 na ngome haikuanguka hadi Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno wachache, Wahindi, na Waswahili waliokuwa upande wao, wanaume, wanawake na watoto. Maradhi yaliua wengi kuliko mizinga. Ilifika wakati ulinzi ukashikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake, kwa sababu Wareno walikuwa karibu wote wamekufa. Jambo hili watembezaji wengine hulipita, na mimi hulisisitiza: vita hii haikuwa ya Wazungu na Waarabu peke yao. Waswahili walikuwa pande zote mbili, na kila mmoja alikuwa na hesabu zake.

Mwaka 1697 meli ya kivita ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyokuwa imeletwa kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome. Ilikaa chini ya maji hadi ilipochimbwa kati ya 1977 na 1980. Vyombo vya udongo na vitu vingine vilivyotolewa humo vimewekwa kwenye makumbusho ndani ya ngome, hatua chache kutoka kwenye uwanja ambako watu waliisubiri meli ile iwasaidie. Mtu akishasimuliwa haya, kabati la vioo halimpiti tena hivi hivi.

Na kuna Yusuf bin Hasan. Alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa, Wareno wakampeleka Goa, koloni lao la India, akalelewa huko, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha wakamrudisha kutawala kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni kwa mkono wake, akarudi kwenye Uislamu na kuuteka mji. Mwaka uliofuata aliiacha ngome na kuishia kuwa mharamia baharini. Kati ya 1631 na 1875 ngome hii ilibadilisha wenyewe mara tisa.

Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895. Ilikaa hivyo hadi 1958, ndipo ikachimbwa na mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman na kukarabatiwa kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, ikafunguliwa kama makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1960. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Kwa yote haya tenga saa tatu, na ufike saa mbili asubuhi lango linapofunguliwa. Kufikia saa tano uwanja ule hauna kivuli cha maana na watoto wanaanza kuvutana mkono. Chukua mtembezaji mwenye kitambulisho langoni, mkubaliane malipo kabla ya hatua ya kwanza. Maandishi yaliyobandikwa peke yake hayakutoshi. Mambo ya Bwana Daud na ya Yusuf huyapati vizuri bila mtu wa kukusimulia.

Ngome ya Lamu, na kwa nini wengine huondoka wakinuna

Ukiingia Ngome ya Lamu ukiwa na matarajio ya Mombasa, baada ya nusu saa utauliza kama ndiyo hiyo tu. Ni jengo la ghorofa lenye kuta nene, minara ya mviringo kwenye pembe mbili, na ua wa wazi katikati uliozungukwa na vyumba na ujia wa juu. Kuna maonyesho, kuna maktaba, na mara nyingine kuna mkutano wa mtaa au sherehe inayoendelea, kwa sababu wenyeji wanaitumia. Hakuna mchoro wa baharia wala meli iliyozama. Historia yake ya gereza ni ya karibu zaidi: ilifunga watu kuanzia 1910 hadi 1984, kwa hiyo wapo Walamu wazima wanaokumbuka enzi ambapo mlango huo haukuwa wa kupita kwa hiari.

Lakini panda juu. Kutoka pale unaona mapaa ya mji, minara ya misikiti, mkondo wa bahari na mikoko ya kisiwa cha Manda ng'ambo. Chini yako kuna uwanja wa Mkunguni, wazee chini ya mikungu wakicheza bao, punda wakipita na mawe au magunia, mchuuzi akipanga mishkaki ya jioni. Ngome ilijengwa karibu kabisa na maji. Ufuo ukasogezwa na mji ukajaza nafasi iliyobaki, ndiyo maana leo imezama kidogo ndani. Kinachokupa furaha Lamu ni kwamba ngome ni mlango tu wa mji wenyewe. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, miaka kumi kabla ya Fort Jesus, na uliingizwa kwa sababu watu bado wanaishi humo kama watu wa mji wa Waswahili.

Kwa hiyo kipimo cha Lamu ni siku, na saa tatu hazitoshi hata kuanza. Siku moja kwa ngome na makumbusho yaliyoko kando ya bahari. Nyingine kwa kutembea ndani ya vichochoro hadi ujue kurudi bila kuuliza, ukitazama milango ya kuchonga na, ukikaribishwa, zidaka zilizopangwa safu safu kwenye ukuta wa ndani, zile sehemu ndogo za lipu ambako mabakuli ya Kichina yaliwekwa kwa fahari. Ile Nyumba ya Waswahili iliyofanywa makumbusho inakuonyesha hayo bila kumsumbua mtu nyumbani kwake. Jioni moja uende Shela kwa miguu au kwa boti, usimame kwenye mchanga ambako vita ile ilipiganwa. Mtu anayefika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili asubuhi ameona picha tu.

Adabu pia ni sehemu ya safari. Lamu ni mji wa dini na wa heshima. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti ukiwa mjini, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usipite mbele ya baraza lenye wazee ukiwa kimya. "Shikamoo wazee wangu" inakufungulia mlango kuliko noti yoyote. Ukienda wakati wa Ramadhani jua kwamba mchana mikahawa mingi imefungwa, ingawa usiku wake ni mtamu. Mombasa nako adabu hizi ni zile zile, ila mji ni mkubwa na umezoea wageni, kwa hiyo kosa lako halionekani sana.

Njia na pesa

Kwa Mombasa jibu la wengi ni treni ya SGR kutoka kituo cha Syokimau. Tangu Januari 2024 nauli ya watu wazima ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Safari ni kama saa tano hadi sita kutegemea treni. Ile ya asubuhi inayosimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi huchelewa zaidi, lakini mchana wake unaona Tsavo yote dirishani na mara nyingine tembo. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya mji, kwa hiyo ongeza nauli ya matatu au teksi hadi katikati. Na upande wa Nairobi usisahau foleni ya Mombasa Road. Anayetoka Kasarani au Kikuyu asubuhi yenye mvua aondoke mapema kuliko anavyofikiri, au apande treni ya abiria kutoka stesheni ya mjini hadi Syokimau, ambayo imepangwa kuunganisha na SGR.

Lamu ni shughuli nyingine. Njia rahisi ni ndege, nyingi zikitoka uwanja wa Wilson, na ndani ya saa moja na nusu hivi uko kwenye uwanja wa ndege wa Manda. Hapo unashuka gatini na kuvuka kwa boti hadi mji. Nauli ya ndege ya familia ya watu wanne inaweza kumaliza pesa ambayo ingelipa treni, hoteli na chakula cha Mombasa pamoja. Barabara ipo, kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa peke yake. Siku hizi ni lami na mabasi yanakwenda, lakini eneo hilo limewahi kushambuliwa na magaidi, kuna vizuizi vya polisi na ukaguzi wa vitambulisho, na ushauri wa usalama hubadilika. Nikiwa na watoto nisingesafiri njia hiyo usiku, na ningeuliza kampuni ya basi na watu walioko Lamu wiki ile ile ya safari. Kisiwani kwenyewe watu hutembea hadi usiku bila wasiwasi. Swali ni njia ya kufika.

Ada ya kuingia ngome zote mbili ni ya Makumbusho ya Taifa, na raia wa Kenya hulipa kidogo sana kuliko wageni wa nje. Beba kitambulisho chako, na kwa watoto vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya shule. Malipo ni ya eCitizen na simu, kwa hiyo weka pesa kwenye M-Pesa kabla hujafika langoni. Lamu pia mashine za kutoa pesa ni chache, na mtandao ukilala unalala.

Nani atachoka wapi? Fort Jesus ina miinuko ya mawe yasiyo sawa na ngazi za kupanda buruji, ila nyanya anaweza kukaa kwenye kivuli karibu na makumbusho wakati wengine wanazunguka, na gari linamfikisha karibu na lango. Lamu mjini hakuna magari ya kumbeba mtu. Kutoka kwenye boti unapanda ngazi za gati zenye mwani na unyevu, maji yakiwa yamekupwa ngazi hizo zinakuwa ndefu, na boti halitulii. Kijana wa boti atamshika mkono, tena kwa heshima kubwa, lakini mzee mwenye magoti mabaya atalipa kwa maumivu kila anapotoka na kurudi. Kwa wazazi wetu waliopita miaka 70 mimi ningechagua Mombasa bila kusita. Kwa watoto wadogo pia, kwa sababu mizinga na njia ya matao vinawapa kitu cha kushika na kukimbilia. Kwa vijana wa sekondari wanaopenda kuuliza maswali, na kwa wawili waliooana juzi, Lamu.

Jioni: taa ya Ras Serani

Hapa Mombasa ina jambo ambalo Lamu haina. Ukitoka Fort Jesus panda tuktuk hadi Ras Serani, kwenye barabara ya Mama Ngina, mahali ambapo Wamombasa wenyewe hupaita Lighthouse kwa sababu ya mnara wa taa unaoongoza vyombo kuingia mkondo wa Kilindini. Mnara ni wa kutazamwa kwa nje, hauchukui muda. Kinachokuweka pale ni upepo, mibuyu mikubwa, na meli. Meli za makasha hupita karibu na ufuo kiasi kwamba unasoma jina lililoandikwa ubavuni bila darubini, na mtoto wako atauliza zinatoka wapi zote hizo. Upande wa pili unaona feri za Likoni zikivuka na kurudi.

Na chakula chake ni cha pale pale: mihogo ya kukaanga au kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu, krispi za mhogo ndani ya karatasi, dafu lililokatwa mbele yako. Familia huja na magari, hukaa ukingoni, hula, hupiga soga. Ukianza asubuhi kwenye ngome iliyolinda bandari ya kale na kumaliza jioni kwenye taa inayoongoza meli za bandari mpya, siku moja imekuonyesha kwa nini watu wamegombania mji huu tangu zama hizo. Kwa mgeni wa mara ya kwanza sioni Lamu ikishindana na siku kama hiyo.

Jioni ya Lamu ni ya utulivu: kaimati na chai ya tangawizi, mkate wa mofa na samaki, adhana kutoka misikiti mingi kwa wakati mmoja, kisha mji unatulia. Mtu wa Nairobi aliyechoka na honi atapona. Aliyekuja kutafuta muziki na vinywaji atachoka usiku wa kwanza, na huyo namwambia kabisa asijisumbue.

Msimu

Aprili na Mei ni masika; njia za Lamu hutota na kwenye Fort Jesus mawe yanateleza. Julai hadi Septemba hewa ni ya kupendeza pande zote mbili. Januari na Februari joto la kaskazi ni kali, hasa ndani ya uwanja wa Fort Jesus. Ukiweza kwenda Lamu wakati wa Maulidi, au wakati wa tamasha la utamaduni lenye mashindano ya punda na majahazi, nenda, lakini vyumba hujaa mapema na bei hupanda.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Siyu, ngome iliyoko kisiwa cha Pate, ambako Bwana Mataka na wanawe walimkatalia Sayyid Said kwa miaka mingi. Ni nzuri na inagusa moyo, ila inahitaji boti inayofuata maji kujaa na kupwa, na siku nzima. Iongeze tu kama tayari uko Lamu na una siku ya tano.

Kama umeamua Mombasa kwa Agosti au Desemba, kata tiketi ya treni mapema, maana viti vya daraja la kawaida huisha wiki kadhaa kabla ya Krismasi na kurudi huwa kugumu kuliko kwenda. Ukiamua Lamu, anza na tarehe ya ndege, kisha nyumba, halafu mpigie mwenye nyumba simu umuulize ni gati gani boti litakushusha. Mwambie pia kama una mzee au mzigo mzito. Atatuma mtu na punda wakusubiri.